Mchezaji Asiyeweza Kujiokoa

Mwezi wa Novemba 2008 michezo mitatu ya video iliingia madukani Marekani ikifuatana, na yote mitatu ilibeba wazo linalokaribiana. Tarehe 7 ilitoka Gears of War 2, yenye sehemu iitwayo Horde: wachezaji wasiozidi watano wanajikusanya mahali pamoja na kuzuia mawimbi 50 ya maadui. Siku chache baadaye ikafuata Call of Duty: World at War. Aliyemaliza hadithi yake ya Vita Kuu ya Pili alifunguliwa zawadi ya mwisho: nyumba iliyobomoka, usiku, ikizingirwa na maiti za askari wa Kinazi. Kisha kampuni ya Valve ikatoa Left 4 Dead, mchezo wa watu wanne wanaojipenyeza katikati ya umati wa wagonjwa waliopandwa na kichaa, kutoka chumba kimoja cha usalama hadi kingine. Wanaosimulia historia hii wengi huanza na filamu: watu walipenda mazombi, basi wakauziwa mazombi. Naona wanaanza pasipostahili. Kiini cha michezo hii, na hasa Left 4 Dead ambayo ndiyo iliyolifikisha wazo hilo mbali zaidi, ni uamuzi wa kumnyang'anya mchezaji uwezo wa kujiokoa na kumkabidhi mwenzake uwezo huo. Zombi alikuja baadaye, kama nguo inayofaa umbo lililokwisha kuwapo.

Hoja ya filamu haitupiki hivi hivi, maana Left 4 Dead yenyewe haifichi deni lake. Kila sura ikifunguliwa, mchezaji anaona bango la sinema likiwa na majina ya wachezaji mahali pa majina ya waigizaji, na mwisho yanapita majina ya washiriki, pamoja na kumbukumbu ya waliokufa njiani. Wagonjwa wake wanakimbia kama wale wa filamu ya Kiingereza 28 Days Later ya mwaka 2002. Lakini tumtazame baba wa filamu hizi, George Romero, na kazi yake ya 1968, Night of the Living Dead. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani Pennsylvania, jimbo lile lile ambako Valve ilikuja kuweka hadithi yake miaka 40 baadaye. Wanagombana: mmoja anataka wote washuke chini ya nyumba, mwingine anasema huko ni kaburi. Ugomvi huo unachangia kuwamaliza sawasawa na maiti walioko nje, na yule mmoja anayefika asubuhi akiwa hai anapigwa risasi na wanamgambo waliodhani naye ni maiti. Romero alikuwa anaonyesha watu walioshindwa kuungana. Mchezo uliojengwa juu ya kuungana ulichukua sura ya filamu yake na kupindua hukumu yake, kwa hiyo kiini chake lazima kilitoka kwingine.

Kilitoka kwenye visu. Mike Booth alianzisha studio ya Turtle Rock, iliyobuni Left 4 Dead, huko California mwaka 2002, na kazi iliyompa jina ilikuwa kutengeneza wachezaji bandia wa Counter-Strike, ule mchezo wa magaidi na polisi uliotengenezwa na mashabiki mwaka 1999 kabla Valve haijaununua. Wachezaji bandia hao, waliotoka rasmi na Counter-Strike: Condition Zero mwaka 2004, walipaswa kutafuta njia wenyewe kwenye ramani, kujificha, kusikia milio. Wakati wa majaribio watengenezaji walijikuta wakifurahia jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: watu wachache wenye bunduki za rashasha dhidi ya kundi kubwa la wachezaji bandia wenye visu tu. Aliyebaki nyuma alizingirwa na kuchomwa. Waliokwenda mgongo kwa mgongo walifika. Hapo hapakuwa na maiti yeyote aliyefufuka. Walikuwapo magaidi wa kompyuta wenye visu, na mchezo wote ulikuwa umekwisha kuonekana.

Zombi alifaa kwa sababu alitatua matatizo mawili kwa mpigo. La kwanza ni la kiufundi. Kundi la maadui wengi haliwezi kupewa akili nyingi, kwa maana kompyuta ya wakati ule ingeelemewa; na askari anayekimbilia mdomo wa bunduki bila kujikinga anaonekana kituko, ilhali mgonjwa wa kichaa akifanya hivyo anaaminika. La pili ni la dhamiri: zombi hana mama wa kumlilia, kwa hiyo unaweza kuua mamia yao kwa jioni moja. Kinga hiyo ya pili ina mipaka yake, na kampuni ya Capcom iliigundua mapema. Resident Evil 5 ya Machi 2009, nayo ya kuchezwa na wawili, iliwekwa katika mji wa kubuni wa Kijuju, Afrika ya Magharibi, na picha zake za kwanza za mwaka 2007, za mzungu akifyatulia risasi wanakijiji weusi, zililalamikiwa sana. Maadui hao waliitwa Majini. Jina letu la pwani ya mashariki likaokotwa na kubandikwa upande wa pili wa bara, na anayetujua angecheka kama picha zenyewe zingechekesha.

Kilichofanywa na Turtle Rock baada ya visu ndicho kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Katika Left 4 Dead kuna mgonjwa wa pekee aitwaye Hunter, anayeruka kutoka juu ya paa na kumlalia mtu. Akishamlalia, aliyelaliwa hana kitufe chochote cha kubonyeza. Bunduki ipo, risasi zipo, afya ipo, lakini mikono haimtii. Anatazama anavyoraruliwa mpaka mwenzake amsukume yule mnyama au ampige risasi. Smoker naye hurusha ulimi kutoka mbali, akamburuta mtu na kumkaba, na aliyekwisha kukabwa husubiri mkono wa mwingine. Afya ikiisha mchezaji haanguki akafa papo hapo. Anakaa chini na bastola yake, afya ya ziada ya pointi 300 ikivuja taratibu, akisubiri kuinuliwa. Akianguka mara mbili bila kutibiwa, rangi zote zinatoweka machoni mwake, na mara ya tatu haamki. Hata aliyekufa hurudi akiwa amefungiwa chumbani mbele ya safari, anabisha mlango, na hawezi kuufungua kwa ndani. Umbo la kila mwenzako linang'aa kupitia ukutani, ili usije ukasema hukujua alipo. Ukivipanga vyote hivi unaona nia moja: kila mahali ambapo michezo ya zamani ilimpa mchezaji njia ya kujinasua, hapa njia hiyo imechukuliwa na kutiwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Kwa nini basi programu maarufu kuliko zote za mchezo huu, ile iliyoitwa AI Director, husifiwa kana kwamba ni jambo tofauti? Kazi yake ilikuwa kupima msukosuko wa kila mchezaji. Kuumia kunaupandisha, kuangushwa kunaupandisha zaidi, utulivu unaushusha. Ukifika kileleni, programu hushikilia shambulio kwa sekunde tatu hadi tano, halafu inalegeza na kuwaachia wachezaji nafasi ya kupumua kama nusu dakika au zaidi kidogo kabla ya kuanza upya. Booth alieleza mpango huo mbele ya watafiti mwaka 2009, na wengi wameusoma kama ufundi wa kutia hofu. Ni kweli, lakini una kazi nyingine. Katika michezo ya zamani, aliyekariri ramani hakumhitaji mtu: alijua adui yuko nyuma ya mlango gani na risasi ziko wapi. Director alivihamisha vyote kila mara mchezo ulipoanza upya. Katika toleo la pili alifika hadi kubadilisha vijia vya makaburini katika sura ya New Orleans. Mjuzi wa miaka na mgeni wa jana wakawa sawa katika kutojua, na hapo mjuzi hakuweza tena kumtangulia mgeni na kumwacha.

Atakayepinga atasema ushirikiano ulikuwapo zamani sana. Gauntlet ya mwaka 1985 ilikuwa na vishikio vya watu wanne kwenye mashine moja. Doom ya 1993 iliruhusu wanne kupitia kompyuta zilizounganishwa. Kweli, ila walikuwa wanacheza sambamba: wa pili aliongeza bunduki, na katika Gauntlet aliweza pia kukulia chakula chako. Kuondoka kwake kulipunguza nguvu tu. Hoja nzito zaidi ni ya Resident Evil Outbreak, iliyotoka Japani mwaka 2003 kwa PlayStation 2. Ilikuwa na wachezaji wanne, mtandao, mazombi, na hata nafasi ya kumsaidia mwenzako aliyeanguka. Karibu kila kiungo kilikuwamo, na haikuzaa kizazi. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba wachezaji wake hawakuweza kuzungumza. Walikuwa na misemo michache iliyorekodiwa, ya kuita na kushukuru, basi. Kumtegemea mtu usiyeweza kumwambia kitu ni adhabu. Wakati huo huo huduma ya mtandao ya Xbox Live, iliyoanza mwishoni mwa 2002, ilikuwa inauzwa pamoja na kifaa cha masikioni chenye maikrofoni, na Steam ya Valve ilifunguliwa 2003. Ilichukua miaka mingine mitano mpaka sauti na intaneti ya kasi vikawa vitu vya kawaida sebuleni, na hapo ndipo tunapopata maelezo ya ule mwezi wa Novemba. Gears of War ya kwanza, mwaka 2006, ilikuwa tayari imezoesha watu wawili kuinuana. Killing Floor, iliyoanza 2005 kama kazi ya mashabiki juu ya Unreal Tournament 2004, ilikuwa imezoesha watu sita kuzuia mawimbi ya maadui, ingawa hodari wa mwisho aliyebaki peke yake aliweza kumaliza wimbi na wenzake waliokufa wakarudi.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye makosa ya waliofuata. Wachezaji wa Left 4 Dead waligundua haraka kwamba watu wanne wakijibana kwenye kona ya chumba kidogo hawashindiki. Kutegemeana kulikuwa kumegeuka kuwa kulala. Left 4 Dead 2, iliyotoka Novemba 2009, ilijibu kwa Spitter, anayetema tindikali inayoenea sakafuni na kuunguza zaidi kadiri unavyokawia juu yake, na Charger, anayepita katikati ya kundi kama gari lililokatika breki. Watu wengi walikumbuka tu kwamba toleo hilo lilikuja mapema mno. Kundi la wagomaji lilipata wanachama zaidi ya 30,000 na Valve ikawaalika viongozi wake waje kulicheza. Kelele hizo zilipita. Kilichobaki ni mbuyu wa mchezo ambao mashabiki waliuongezea sura kubwa hata mwaka 2020.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2021, Turtle Rock, iliyokuwa imejitenga na Valve na kuanza upya, ilitoa Back 4 Blood. Ilikuwa na wachezaji wanne, wagonjwa, vyumba vya usalama, na juu ya hayo kadi ambazo kila mchezaji anazikusanya ili kujiongezea uwezo. Mojawapo ya kadi hizo ilimwezesha mtu aliyekamatwa kujinasua mwenyewe, na kulikuwa na kifaa cha shoti ya umeme cha kufanya hivyo hivyo. Waliobuni kitanzi wakauza na kisu cha kukikatia. Mnamo Februari 2023 studio ilitangaza kwamba haitauongezea tena mchezo huo, na ingawa sababu zilikuwa nyingi, hiyo sidhani ilikuwa ndogo. Nitaambiwa kwamba michezo ya Vermintide na Deep Rock Galactic nayo ina vifaa vya kujiendeleza na imestawi. Ni sawa, lakini tuangalie vinatumikaje. Katika Deep Rock, skauti ana kamba ya kumrusha hadi kwenye madini yaliyo juu ya ukuta wa pango, ila hana pa kukanyaga. Fundi ana bunduki ya kurusha jukwaa la kukanyagia, ila hafiki kule juu. Maendeleo ya mmoja yameachwa na pengo, na pengo hilo liko mikononi mwa mwingine.

Linabaki pingamizi ambalo nalipa uzito kuliko yote: ushirikiano wa kulazimishwa si ushirikiano. Mtu anayemwinua mwenzake kwa sababu bila yeye atakufa anafanya hesabu tu, na lugha chafu iliyojaa kwenye seva hizo, pamoja na kura za kumtoa mgeni asiyejua, zinaonyesha kwamba hesabu hiyo haikuwafanya watu kuwa wema. Nakubali nusu ya pili. Nusu ya kwanza inasahau mwisho wa kila safari. Katika sura iitwayo No Mercy wachezaji wanafika juu ya paa la hospitali, wanaita helikopta kwa redio, wanapigana mpaka inatua. Helikopta inaondoka pale walio hai na wenye kusimama wanapokuwa ndani. Aliyeanguka hahesabiwi, na safari inahesabika kuwa imefaulu hata akifika mmoja. Mchezo uliokuwa umemlazimisha mtu saa nzima unamwacha huru kwa sekunde hizo chache. Mlango uko wazi, mwenzake amekaa chini umbali wa hatua kumi na tano akipiga bastola, na kumrudia hakumwongezei nafasi yoyote ya kupona. Kinachoongezeka ni hatari. Wapo walioingia ndani. Wapo walioruka chini tena, na walipochelewa majina yao yakaandikwa pamoja kwenye orodha ya marehemu.