Deni la kadi ya mkopo baada ya kipindi cha riba sifuri

Deni la kadi ya mkopo baada ya kipindi cha riba sifuri ni fedha ambazo mwenye kadi bado anadaiwa siku ile ahadi ya kutotozwa riba inapokwisha. Kuanzia siku hiyo deni lililobaki hutozwa riba ya kawaida ya kadi, ambayo nchini Uingereza mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mwaka. Deni lenyewe haliongezeki usiku huo hata kwa peni moja, ila kuendelea kudaiwa sasa kuna bei. Makala hii inaeleza zaidi hali ya Uingereza, ambako kadi za namna hii zimeenea sana, na inagusa Marekani pale sheria zinapotofautiana.

Asili

Barclaycard, kadi ya kwanza ya mkopo nchini Uingereza, ilianza tarehe 29 Juni 1966, na Access ikafuata mwaka 1972. Mbinu ya kumvuta mteja wa benki nyingine ahamishie deni lake kwenye kadi mpya yenye riba nafuu ilipata nguvu Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Iliyoongoza ni Signet, benki ya Richmond, Virginia, ambayo kitengo chake cha kadi kilitengwa baadaye kikawa Capital One. Ushindani uliishusha riba hiyo hatua kwa hatua, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 matangazo ya asilimia 0 yalikuwa jambo la kawaida Uingereza.

Wajanja waliligeuza tangazo kuwa biashara. Walikopa kwa sifuri, wakaziweka fedha kwenye akaunti ya akiba inayolipa riba, wakalirudisha deni zima siku ya mwisho na kubaki na faida. Benki nazo zikaweka ada ya kuhamisha deni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 4 ya kiasi kinachohamishwa.

Msomaji atauliza benki inapata nini kwa kukopesha bure miaka miwili. Inapata ada hiyo, na inapata kamisheni kutoka kwa maduka kila kadi inapotumika. Zaidi ya yote, inajua kwamba sehemu ya wateja haitamaliza kulipa kabla ya tarehe. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye kadi hii hualikwa kwenye harusi akiwa ameshaandikiwa siku ya matanga.

Hesabu ya siku ya mwisho

Chukua mtu aliyehamishia kadi mpya deni la pauni 3,000 kwa miezi 24 bila riba, na ada ya asilimia 3. Siku ya kwanza anadaiwa pauni 3,090. Akigawa kwa miezi 24 anapata pauni 128 na peni 75 kwa mwezi, na hiyo ndiyo namba aliyopaswa kuiandika ukutani. Lakini taarifa ya mwezi haimwonyeshi namba hiyo. Inamwonyesha malipo ya chini, ambayo katika kipindi cha sifuri huwa madogo mno kwa kuwa hakuna riba ya kufidia. Anayalipa kila mwezi kwa uaminifu, anaongeza kidogo anapoweza, na miezi 24 inakwisha akiwa bado anadaiwa, tuseme, pauni 1,500.

Kwa riba ya asilimia 24.9 kwa mwaka, deni hilo huzaa takriban pauni 28 mwezi wa kwanza. Tangu mwaka 2011, malipo ya chini ya kadi mpya Uingereza lazima yafidie riba na ada zote pamoja na angalau asilimia 1 ya deni lenyewe. Kwa mtu wetu hiyo ni pauni 43, na kati yake 28 zinamezwa na riba. Ziko 15 tu zinazopunguza deni. Mwezi unaofuata deni limeshuka kidogo, malipo ya chini nayo yameshuka kidogo, na safari inarefuka. Akifuata kanuni hiyo ya asilimia 1 bila kuongeza chochote, atahitaji takriban miaka 5 na miezi 9 ili deni lifike nusu.

Sasa aamue kulipa pauni 43 zilezile kila mwezi bila kuzishusha hata taarifa ikimruhusu. Deni linakwisha katika miezi 57, na riba yote ni kama pauni 950. Akipandisha hadi pauni 100, linakwisha katika miezi 18 kwa riba ya takriban pauni 277. Dawa ya deni ni kulipa, husemwa, lakini kwa kadi dozi ndiyo inayoamua kila kitu. Kuna faida kubwa katika kuiagiza benki ikate kiasi kisichobadilika kila mwezi badala ya kuiachia ikate malipo ya chini.

Mitego mingine

Riba sifuri huhusu aina ya deni iliyotajwa kwenye mkataba, si kila kinachopitia kadi. Kadi inayotoa sifuri kwa deni lililohamishwa inaweza kutoza riba kamili kwa manunuzi mapya, na fedha taslimu zinazotolewa kwenye mashine kwa kawaida hutozwa riba tangu siku hiyohiyo. Tena mara nyingi deni lazima lihamishwe ndani ya siku 60 au 90 tangu kadi kufunguliwa. Kuchelewesha malipo ya mwezi mmoja kunaweza kufuta ahadi yote. Marekani ni tofauti kidogo: sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inakataza riba ya ofa kudumu chini ya miezi 6, na riba hiyo haiwezi kufutwa kwa sababu ya kuchelewa mpaka malipo yapitilize siku 60.

Hata hivyo Marekani ndiko kwenye mtego mbaya kuliko wote, nao ni riba iliyoahirishwa. Huonekana zaidi kwenye kadi za maduka ya samani na vyombo vya umeme. Tangazo husema hakuna riba endapo utamaliza kulipa ndani ya miezi 12. Neno zito hapo ni “endapo”. Mtu ananunua jokofu la dola 1,200, analipa dola 95 kila mwezi, na mwaka unakwisha akidaiwa dola 60. Chini ya kadi ya sifuri ya kweli angetozwa riba ya dola hizo 60 tu. Chini ya mpango huu anatozwa riba ya mwaka mzima, kuanzia siku ya kununua. Kwa riba ya asilimia 30 hiyo ni takriban dola 200, zaidi ya mara tatu ya deni lililobaki. Mwenye mkataba wa namna hii anapaswa kumaliza mwezi mmoja kabla, hata kama ni kwa kukopa kwa ndugu.

Jambo dogo linalowachanganya wengi: aliyeanza kutozwa riba anaweza kulipa deni lote lililoandikwa kwenye taarifa, kisha mwezi unaofuata akaletewa tena pauni chache. Si kosa la hesabu. Ni riba ya siku zilizopita kati ya kuandikwa kwa taarifa na kufika kwa malipo. Ilipwe, kwani ikisahauliwa huleta ada ya ucheleweshaji na doa kwenye rekodi ya mkopaji.

Kuhamisha tena

Njia inayotumiwa zaidi Uingereza ni kulihamishia deni lililobaki kwenye kadi nyingine ya sifuri. Hesabu yake ni rahisi. Ada ya asilimia 3 ya pauni 1,500 ni pauni 45, wakati riba ya mwezi mmoja ni 28. Anayehitaji zaidi ya miezi miwili kumaliza anaokoa fedha kwa kuhama. Ugumu ni kukubaliwa. Benki mpya huangalia rekodi zinazotunzwa na Experian, Equifax na TransUnion, huweza kutoa kikomo kidogo kuliko deni, na kwa kawaida haipokei deni kutoka kadi ya kampuni dada. Afadhali kuomba miezi miwili kabla ya tarehe, kwa kutumia kwanza ule ukaguzi wa awali usioacha alama kwenye rekodi. Kadi ya zamani iwekwe kando. Anayehamisha deni kisha akaijaza tena kadi ya kwanza sasa ana madeni mawili.

Asiyekubaliwa anaweza kuomba mkopo wa kawaida wa benki wenye riba ndogo na tarehe ya mwisho inayojulikana. Mwenye kadi kadhaa aelekeze kila pauni ya ziada kwenye ile yenye riba kubwa, huku nyingine akizilipia malipo ya chini. Ndani ya kadi moja suala hili limeshatatuliwa: tangu 2011 kampuni za Uingereza huelekeza malipo kwanza kwenye sehemu ya deni yenye riba kubwa. Kabla ya hapo nyingi zilifanya kinyume, na sehemu ghali ikaachwa inenepe.

Waislamu, wakiwemo wengi wa Waswahili wanaoishi Uingereza, wana swali la ziada. Wanazuoni wengi hawaitazami sifuri ya tangazo bali sharti la riba lililomo ndani ya mkataba, na kwa hoja hiyo huikataa kadi hata kwa anayenuia kumaliza mapema.

Afrika Mashariki mkopo wa aina hii huonekana zaidi kwenye simu kuliko kwenye kadi. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Fuliza, huduma ya Safaricom nchini Kenya, yaliondoa ada ya kila siku kwa siku 3 za mwanzo kwa mikopo isiyozidi shilingi 1,000. Siku ya nne saa ya ada huanza kugonga.

Ulinzi na msaada

Kwa kanuni za mwaka 2018 za FCA, mamlaka inayosimamia mienendo ya taasisi za fedha Uingereza, mteja ambaye kwa miezi 18 amelipa riba na ada nyingi kuliko alichopunguza kwenye deni lenyewe huhesabiwa kuwa katika deni sugu. Kampuni lazima imwarifu. Hali ikiendelea hadi miezi 36, lazima impe mpango wa kumaliza ndani ya muda wa kuridhisha, na asipojibu kadi yake husimamishwa.

Aliyezidiwa kabisa asisubiri miezi 36. England na Wales zina, tangu tarehe 4 Mei 2021, mpango wa kumpa mdaiwa nafasi ya kupumua: kwa siku 60 riba na ada nyingi husimama, na wadai hawaruhusiwi kumfuata. Haombi mwenyewe, huombewa na mshauri wa madeni. Scotland ina utaratibu wake. Wapo washauri wanaotoza ada kubwa kwa kazi hii, lakini hakuna sababu ya kuwalipa: StepChange, National Debtline na Citizens Advice huifanya bure.