Maua ya Siwa

Foronya ya bibi yangu imebaki kipande kimoja tu, hakizidi viganja viwili. Kina maua matatu ya manjano, yaliyodariziwa kwa uzi wa pamba. Kila nukta ni nyuzi mbili zilizopishana kama alama ya kuzidisha. Bibi huuita mshono huo "mkasi", maana waonekana kama mkasi uliofunguliwa. Maua yenyewe huyaita maua ya siwa. Chundwa hakuna ua la namna hiyo. Tuna asumini, tuna mkadi, tuna rehani ya kutia kwenye kikuba, lakini ua lenye mdomo mrefu kama baragumu sijaliona likiota kokote kisiwani.

Ni daffodili, ua la Ulaya linalochanua baridi inapoanza kuondoka. Waarabu huliita narjisi. Lilifikaje kwenye mto wa kulalia wa mwanamke wa Kibajuni, ambaye misimu yake ni kusi na kaskazi?

Bibi asema karatasi ya nakshi ilitoka Mombasa, kwa shangazi yake, miaka ya 1950. Ilikuwa na miraba midogo midogo, mingine imetiwa rangi. Wewe wahesabu tu, hata kusoma si lazima. Nakshi za aina hiyo zilikuwa zimeshazunguka dunia. DMC, kampuni ya nyuzi ya Mulhouse iliyoanzishwa 1746, ilichapisha vitabu vya nakshi ili nyuzi zake zinunuliwe, na mwaka 1886 Thérèse de Dillmont akatoa kitabu kizima cha kazi za sindano. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka wanawake wetu washone: vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza 1952, vilifundisha sindano pamoja na usafi na mapishi.

Shuleni, watoto wa makoloni walikaririshwa shairi la Wordsworth la 1807 juu ya maua haya haya ambayo hawakuwahi kuyaona. Jamaica Kincaid wa Antigua aliiandika hasira ya jambo hilo katika riwaya yake Lucy, 1990. Namwelewa. Ila bibi yangu hakukaririshwa na mtu. Aliona ua, akaona siwa, ile pembe iliyopulizwa kwenye harusi za wakubwa wa Pate, akalifanya lake.

Na kisiwani kwetu hilo si geni. João dos Santos, mtawa wa Kireno ambaye kitabu chake kilichapishwa 1609, aliwasifu wafumaji wa Pate kwa nguo zao za hariri. Hariri yenyewe haikuwa ya kwetu. Vitambaa vya ng'ambo viliteremshwa majahazini, vikafumuliwa uzi kwa uzi, vikafumwa upya kwa mtindo wa hapa. Siyu nako, mwendo wa mguu kutoka Chundwa, wanakili wa Kurani wa karne ya 18 na 19 walizipamba kurasa kwa maua na majani ya wino mwekundu, mweusi na wa manjano.

Kipande changu kimesafiri pia. Bibi ni mtu wa upande wa Kiunga. Vita vya shifta, 1963 hadi 1967, viliwatoa Wabajuni wengi bara wakakimbilia visiwani, na watu wake wakapakia mashuani kile kilichowezekana. Foronya mbili za harusi yake zilijazwa mtama, zikafungwa mdomo kwa kamba. Moja iliingia maji njiani ikatupwa.

Hii ya pili niliikuta jikoni miaka mingi baadaye, imekatwakatwa, watu washikia sufuria ya moto. Nilikasirika, nikaambiwa, "Si tambara tu?"

Babu alikuwa mshona kofia. Kusi ikivuma na mashua zikilazwa, alikaa barazani na kitambaa cheupe, akitoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja mpaka nakshi itokee. Kofia moja ilimla miezi. Hakuna aliyewahi kushikia sufuria kofia ya babu. Zina bei, zina wageni wa kuziulizia, zavaliwa Idi na maulidi. Foronya ilitaka macho yale yale na subira ile ile, ila kazi yake ilikuwa chumbani, na fundi wake hakuna aliyemwita fundi. Hata mimi sikumwita hivyo mpaka hivi majuzi.

Machi moja nilikuwa London, nikakatiza St James's Park, nikayakuta yamechanua chini ya miti, manjano kila upande. Nilisimama nikiwa na kipande changu mkobani. Bibi alikuwa amewakosea tu rangi ya majani: yake ni ya samawati, labda uzi wa kijani ulimwishia. Nikampigia simu.

"Bibi, nimeyaona maua yako ya siwa."

"Yanukia?"

"Kidogo."

"Kama asumini?"

"La, bibi. Hayafiki."

Akacheka sana, akaniuliza kama nimekula.