Karanga

Karanga ni jina litumiwalo Dodoma, na Tanzania kwa jumla, kwa mbegu ya mmea wa jamii ya kunde (*Arachis hypogaea*), uchanuao maua juu ya ardhi ilhali maganda yake hukomaa mchangani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake hunasibishwa na kitenzi kukaanga, ambacho hutamkwa pia kukaranga. Neno njugu, ambalo Kenya humaanisha karanga hii hii, Dodoma aghalabu huhusu njugu mawe, zao la Kiafrika lililotangulia. Jina la karanga lilipata shuhra kubwa, ya huzuni, kwa mradi wa serikali ya Uingereza wa kuilima, ulioanzishwa Kongwa, mkoani Dodoma, mwaka 1947, ukavunjwa 1951 kwa sababu ya ukame na udongo mgumu ulioyavunja majembe ya matrekta.