Nunda Mla Watu na Hamu ya Gemu

Hadithi za Unguja zilikuwa mali ya mdomo muda mrefu kabla ya kuwa mali ya kitabu. Zilisimuliwa usiku, aghalabu na mabibi, na msimulizi hakuanza mpaka aseme "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!" Baada ya hapo wasikilizaji hawakukaa kimya. Hadithi nyingi zina wimbo unaorudiwa, nao huitikiwa na wote waliopo, hata hadithi isiyo na watoto wa kuitikia huonekana pungufu. Ushiriki huo ndio uliopungua kila hadithi zilipohamia kwenye chombo kipya, na ndio unaoipa uzito hamu ya kuziona siku moja katika gemu, chombo ambacho hakiendi mbele mpaka mchezaji atende.

Chombo kipya cha kwanza kilikuwa chapa. Edward Steere, mmisionari Mwingereza wa misheni ya UMCA, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akaanza kuandika hadithi kama alivyosimuliwa na wenyeji. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa kijana aliyeitwa Hamisi wa Kayi. Mwaka 1870 mkusanyo wake, *Swahili Tales*, ulichapishwa London, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Wageni wanaotembelea Mji Mkongwe humjua Steere kwa kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kukithamini zaidi kitabu, maana bila hicho huenda hadithi kadhaa zisingefika hadi leo katika maneno ya wakati ule.

Ndani yake mna hadithi ya Sultani Darai, ambamo paa aliyenunuliwa na maskini mchakura jaa anamtafutia bwana wake mke na utajiri, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba ili ampatie na nyumba. Lakini hadithi inayokaribia gemu kuliko zote ni ya Sultani Majinuni. Sultani huyu ana wana saba na mtende ambao tende zake huliwa na ndege kila mwaka. Ndugu wakubwa wanaulinda kwa zamu na kila mmoja anapitiwa na usingizi. Mdogo wao, anayedharauliwa kwa kukaa jikoni, anachukua bisi na mchanga: anatafuna bisi, na usingizi ukimjia anatafuna mchanga. Ndege anakamatwa.

Kisha anaingia paka. Paka wa sultani anakula kuku, wenyewe wanashitaki, naye sultani anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Anakula wanyama wakubwa zaidi, na jibu ni lile lile. Mwishowe anakwenda mwituni na kugeuka nunda, mla watu, na sultani hashtuki mpaka nunda anapowaua wanawe mwenyewe. Ni kejeli kali juu ya utawala kwa hadithi iliyosimuliwa katika mji wa kisultani, na inashangaza kuwa haitajwi mara nyingi kwa sababu hiyo. Mwana mdogo anaapa kumwinda. Anaua mbwa, anamburuta nyumbani akiimba kwamba amemuua nunda, na mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Anarudi porini. Mnyama baada ya mnyama, hadi punda milia, twiga, kifaru na hata tembo, jibu la mama halibadiliki, mpaka anapompata nunda mwenyewe amelala. Mtunzi yeyote wa gemu ataitambua ngazi hiyo: adui anakua kila hatua, mchezaji anarudi kuhakikiwa, anatumwa tena. Wasimulizi wa Unguja walikuwa nayo kabla ya umeme kufika kisiwani.

Mwaka 1901 George W. Bateman alichapisha huko Chicago *Zanzibar Tales*, kitabu chenye michoro kilichompeleka kijana wa jikoni kwa watoto wa Marekani. Unguja kwenyewe, hadithi za ajabu zilipata mpinzani: sinema. Jumba la Royal, ambalo baadaye liliitwa Majestic, lilifunguliwa Vuga mwaka 1921, na vizazi kadhaa vilizoea kuona maajabu ya Misri, India na Hollywood kwenye kitambaa cheupe. Ya kwao wenyewe hawakuyaona humo.

Mfululizo uliopendwa kuliko wote ulitoka kwenye kalamu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la 1957/58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyotoka mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, aliendelea katika *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na nyinginezo. Abdulla aliwatia wasomaji hofu ya mizimu, kisha akawaonyesha mkono wa binadamu nyuma yake. Giningi, mji wa wachawi katika imani za visiwani, ilipata picha nzito zaidi katika tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, *Kivuli Kinaishi* (1990), ambamo Bi Kirembwe anawatawala watu kwa unga wa ndere. Kwa anayetaka ulimwengu wa kubuni wenye mipaka, sheria na mtawala wake, Giningi imekwisha kujengwa.

Gemu zilipoenea, lililotangulia kuingia humo ni jina la kisiwa. *Metal Gear 2* ya Japani, ya mwaka 1990, ina nchi iitwayo Zanzibar Land, ila watunzi waliiweka Asia ya Kati. *Halo 2* ya 2004 iliita Zanzibar uwanja wa mapigano wa ufukweni wenye gurudumu kubwa linalozunguka. *Civilization VI* ya 2016 ilikaribia ukweli: humo Zanzibar ni mji wa biashara unaompa rafiki yake karafuu na mdalasini. Katika zote tatu hamna paa wala nunda.

Hatua kubwa zaidi upande wa Waswahili ilikuja Aprili 2024, kwa *Tales of Kenzera: Zau*. Mwanzilishi wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Aliitunga kutokana na msiba wa baba yake, aliyekuwa akimsimulia hadithi. Kijana Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Gemu hiyo inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili, jambo ambalo ni nadra sana kwa gemu ya kampuni kubwa.

Anayetaka kufanya vivyo hivyo kwa Unguja atakutana na suala la haki. Mpoland Andrzej Sapkowski, mtunzi wa hadithi za *The Witcher*, aliuza ruhusa ya gemu kwa malipo ya mara moja badala ya asilimia. Gemu zilipofanikiwa alidai nyongeza, na mkataba mpya ulitiwa saini mwaka 2019. Abdulla alifariki mwaka 1991, na Mkataba wa Berne hulinda kazi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, hivyo Bwana Msa hawezi kuingizwa katika gemu bila ridhaa ya wenye haki zake. Hadithi za mkusanyo wa 1870 hazina kizuizi hicho. Kijana wa jikoni na nunda wake wanaweza kutumiwa na yeyote.