Kuizeesha picha ya Nachingwea

Wadau, nipo hai! Niko mazoezi ya kufundisha huku Ruangwa, historia kidato cha pili, na mtandao unakuja ukijisikia.

Juzi mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja kaniletea picha ya shamba aliyoipiga kwa simu wilaya jirani, Nachingwea. Anataka niizeeshe akawaonyeshe wanafunzi mradi wa karanga. Kwa GIMP ni kazi ya dakika kumi: toa rangi, tia kahawia, fifisha pembe nne, weka ukungu. Picha inakuwa ya bibi yake bibi.

Ila jamani, mradi wenyewe ulikuwa lini? Waingereza waliuanza 1947 Kongwa, ukafika Urambo na Nachingwea, ukafutwa 1951 ukiwa umekula pauni kama milioni 36. Lenzi za wakati huo zilishakuwa safi. Ule ukungu ni wa lenzi zisizo na utando: kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga, hivyo lenzi yenye nyuso 8 hupoteza zaidi ya robo, na mwanga mwingine unazurura humo ndani na kufifisha vivuli. Alexander Smakula wa Zeiss, Ujerumani, alipata utando wa kuzuia hilo 1935, na baada ya vita ukaenea. Kahawia nayo haitoki kwenye lenzi kabisa, ni dawa za kusafishia picha au karatasi kuchakaa.

Kwa hiyo nikamtengenezea nyingine: nyeusi na nyeupe, kali, ya mraba kama za Rolleiflex, yenye chembechembe kidogo za filamu. (Anayetaka enzi za Mjerumani apunguze wekundu. Filamu nyingi za wakati ule hazikuona rangi nyekundu, na udongo wa huku ungetoka mweusi tii!)

Tena kuna wanaozitia kahawia hata picha za kambi ya FRELIMO ya Nachingwea, ya miaka ya 1960 na 1970. Samora Machel anaonekana kama aliishi wakati wa Majimaji, wakati kuna wazee huku waliomwona kwa macho yao!

Mwenzangu hajaridhika. Eti bila kahawia watoto watajuaje ni ya zamani? Nikamwambia si ya zamani, andika chini: imepigwa kwa simu, imehaririwa. Kanuna. Kipindi chake ni Alhamisi na bado tunabishana.

Wenye picha halisi za babu zenu, ziskanini mnitumie. Rangi msiziguse!