Kichwa Cheusi, Jina la Kiajemi

Jina Dorper lina silabi mbili na kosa moja. Silabi ya kwanza imekatwa kwenye Dorset Horn, kondoo wa kusini mwa Uingereza. Ya pili imekatwa kwenye Persian, yaani wa Uajemi, na hapo ndipo penye kosa, kwa sababu mama wa kondoo huyu hakutoka Uajemi. Alitoka kwa Wasomali.

Kilichonifanya nishike kalamu ni stempu niliyoonyeshwa na mzee mmoja mkusanyaji, aliyekuwa akinitafutia kitu kingine kabisa. Ilitolewa mwaka 1938 katika Somaliland ya Mwingereza. Ina sura ya Mfalme George VI, na pamoja naye kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi tititi. Katalogi za stempu humtaja kondoo huyo kwa jina la bandari yake: kondoo wa Berbera. Sasa, miaka hiyohiyo ya 1930, katika chuo cha kilimo cha Grootfontein, Middelburg, kwenye nyika kavu ya Karoo huko Afrika Kusini, wataalamu wa serikali walikuwa wakiwapandisha kondoo majike wa sura hiyohiyo kwa madume ya Dorset Horn, na kwenye madaftari yao wakawaandika Waajemi. Himaya moja, mnyama mmoja, majina mawili. Posta ilipata, kilimo kikakosa.

Wanaotetea jina la Kiajemi wana kisa chao. Wanasimulia kwamba karibu na mwaka 1870 meli iliyotoka Uajemi ilikwama kwenye pwani ya Cape ikiwa na kondoo wachache wa kitoweo, mkulima mmoja akawanunua, na kizazi chao kikaenea. Huenda meli ilikuja kweli, na kondoo wakashuka kweli. Lakini meli kutoka Uajemi haikifanyi kila kilichomo ndani yake kuwa cha Uajemi. Tangu Waingereza walipoitwaa Aden mwaka 1839, kikosi chao na meli zilizotia nanga pale zilikula nyama iliyovushwa kutoka Berbera. Nahodha aliyetaka kondoo wa safari katika bahari zile alikuwa akinunua kondoo wa Kisomali, apende asipende. Tena mtazame mnyama mwenyewe. Kondoo wa Uajemi wanajulikana kwa sufu, na mazulia yaliyotandikwa dunia nzima ni ushahidi. Huyu wa Cape hana sufu, ana nywele fupi za kulala kama za mbuzi, na mafuta yake yamejazana matakoni juu ya kijimkia kifupi. Mtu wa Garissa au Wajir akionyeshwa picha yake hataulizia Uajemi.

Wabrazili walipompokea kondoo wa ukoo huohuo walimwandika kwenye daftari lao la nasaba kwa jina Somalis Brasileira, na mambo yakaisha. Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kumwandika Mwajemi mwenye kichwa cheusi tangu mwaka 1906, daftari la nasaba la nchi lilipoanza kujazwa. Kosa likishaingia kwenye daftari la namna hiyo huzaa: Zimbabwe walipompandisha jike huyohuyo kwa dume la Wiltshire Horn, mtoto akaitwa Wiltiper.

Kwamba Wakhoikhoi walifuga kondoo wenye mikia ya mafuta huko Cape karne nyingi kabla ya Waholanzi kushuka mwaka 1652, na kwamba merino wa sufu walikuja baadaye wakatajirisha wenye mashamba, hayo yameandikwa sana na sitayarudia. Kinachotuhusu ni nyama. Miaka ya 1930 Afrika Kusini ilitaka kuuza wanakondoo katika soko la Smithfield, London, na wachinjaji wa huko hawakutaka mzoga wenye bonge la mafuta nyuma na mbavu tupu. Kondoo wa Kiingereza walikuwa na mzoga unaotakiwa, ila kwenye Karoo walidhoofika. Aina kadhaa za madume zikajaribiwa juu ya majike wa nchi kavu, na Dorset Horn akashinda: ana nyama, na jike wake hupata mimba karibu majira yote. Msomali akaleta uvumilivu wa jua na kiu, na ngozi nzuri ambayo mpaka leo hushonwa glavu.

Hadi hapo kulikuwa na machotara wazuri waliotawanyika mashambani, kila mwenye shamba akiwa na wake na sifa zake. Chama ndicho kilichowafanya kuwa uzao. Mwaka 1950 wafugaji walikutana palepale Grootfontein wakaunda chama cha wafugaji wa Dorper, wakakubaliana jina, wakaanza kuandika mnyama wao anatakiwa aweje.

Hicho walichoandika, yaani vigezo vya uzao, ndicho chanzo ambacho wanahistoria wetu hukiruka kwa kudhani ni mambo ya madaktari wa mifugo. Mimi nimekisoma kama mtu anavyosoma wosia. Kuna umbo la mwili, ukubwa, jinsi mafuta yanavyotandazwa (ole wake mwenye mafuta yaliyokusanyika mahali pamoja, hapo Msomali anakemewa waziwazi), kuna rangi, na kuna manyoya, ambayo yawe mchanganyiko mwepesi wa nywele na sufu unaopukutika wenyewe bila mkasi. Kwenye rangi ndipo nilipocheka. Kondoo anayetakiwa ni mweupe ambaye weusi wake umekomea kichwani na shingoni. Madoa machache mwilini na miguuni yanavumilika. Mweupe wote hafai, mweusi kwa sehemu kubwa hafai, na mwenye nywele za kahawia kuzunguka macho, chuchu nyeupe au kwato nyeupe anatiliwa alama mbaya. Kwa maneno mengine, chama kilicholiacha jina la Berbera kilikilinda kichwa cha Berbera kwa sheria ya maandishi, mpaka kwenye kope.

Wapo wanaoibeza kanuni hiyo ya rangi kuwa ni urembo mtupu, kwa hoja kwamba weusi wa kichwa hauongezi hata gramu moja ya nyama. Ni kweli hauongezi. Lakini hebu fikiria chama kichanga chenye mnyama asiyejulikana na mtu, katika nchi ambayo mashamba yametengana kwa mwendo wa siku nzima. Kinatangazaje? Kichwa cheusi juu ya mwili mweupe huonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Mnunuzi akipita njiani anajua ni kondoo wa nani, wa chama gani, na dume lake atalipata kwa nani. Tangazo hilo hulishwa majani, na kila msimu linajizidisha lenyewe.

Kutangaza bila kukagua ni upiga debe, na hapa chama kilikuwa na akili zaidi. Mwanachama hawezi kusimama mnadani akasema dume lake ni la daraja la juu kwa sababu yeye ameona hivyo. Anakuja mkaguzi aliyefunzwa na chama, anamtazama mnyama mmoja mmoja kwa vile vigezo, kisha anampa daraja kati ya la 1 na la 5. La 5 ni la kuzalisha madume. La 4 na la 3 huenda kwenye makundi ya kawaida. Walio chini ya hapo, safari yao ni buchani. Hereni sikioni huonyesha daraja, hivyo mnunuzi mgeni, asiyejua umbo zuri wala baya, hununua kwa kuamini sikio. Ukaguzi huo una ukali wake. Mfugaji aliyemlea dume tangu siku ya kwanza, akamwona akishinda wenzake wote kwa uzito, anaambiwa miguu imepinda, basi. Hata hivyo mkaguzi hamwachi mikono mitupu. Anamweleza kosa liko wapi, na chama kina mafunzo, ya wanaoanza na ya waliobobea, ambako mwanachama anashikishwa mnyama na kufundishwa kumtazama kama mkaguzi amtazamavyo. Waliofaulu ngazi za juu wakawa wakaguzi nao. Kwa njia hiyo jicho la watu wachache wa Middelburg lilihamia kwenye macho ya wafugaji wa nchi nzima, na baadaye Namibia, Australia na Marekani, nchi zilizochukua kondoo pamoja na vigezo vyake. Maonyesho na minada ya chama, ambayo ndiyo wageni huyaona, ni matunda ya kazi hiyo ya zizini.

Ugomvi mkubwa wa chama ulihusu weupe. Tangu mwanzo walikuwapo wafugaji waliopandisha Dorset Horn na Msomali wakapata wanakondoo weupe watupu, wakawapenda, wakawachagua kwa makusudi. Wengine walichanganya na kondoo weupe wa Van Rooy, uzao mwingine wa huko. Nyama ilikuwa ileile, uvumilivu uleule. Kanuni ya rangi ikawafungia mlango. Wenye weupe wakamwita kondoo wao Dorsian, jina ambalo ukilipasua unakuta Dorset na Persian tena! Yaani pande mbili zilizogombana juu ya kila unywele hazikugombana hata siku moja juu ya Uajemi.

Ni rahisi kuwacheka wenye vichwa vyeusi kwa ugumu wao. Mimi naona walikuwa na hoja. Chama kikilegeza sharti moja kwa sababu mnyama ni mzuri kwa mengine, mwakani ataletwa mwenye madoa, na mwaka wa tatu daftari litakuwa orodha ya kondoo tu. Lakini walioshinda, na ilikuwa haki washinde, ni waliotambua hesabu ya soko: mfugaji aliyefukuzwa kwa sababu ya rangi hachinji kundi lake kwa huzuni. Anaunda chama chake, anachapisha vigezo vyake, anauza nyama ileile kwa jina jingine. Mwaka 1964 weupe waliingizwa chini ya paa moja kwa jina Dorper Mweupe. Tangu hapo kuna rangi mbili, na mengine yote ni mamoja.

Wasomi wengine hulitazama jambo hili kwa jicho jingine, na ni haki wasikilizwe. Mwaka 1950 ulikuwa wa pili tangu chama cha makaburu kishike serikali. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imekwisha kuwabana Waafrika kwenye vipande vidogo vya nchi yao. Daftari la nasaba, wanasema, ni daftari la mwenye ua. Nakubaliana nao kuliko walivyotarajia. Ili kumwandika mwanakondoo ni lazima ujue baba yake kwa hakika, ili umjue baba ni lazima utenge majike na dume moja ndani ya uzio, na ili ujenge uzio ni lazima ardhi iwe yako kwa hati. Nisichokubaliana nacho ni pale wanapohitimisha kwamba maarifa yote ya chama yalikuwa hila ya kikaburu. Jicho la mkaguzi ni maarifa, na mfugaji yeyote wa Kimaasai angelielewa kabla hujamaliza kumweleza.

Dorper aliingia Kenya mikononi mwa walowezi na mashamba ya serikali. Balaa lilikuja katikati ya miaka ya 1970. Hadi wakati huo kondoo mwekundu wa Kimaasai alijaa kila mahali katika nchi ya wafugaji, na inakadiriwa walikuwa milioni kadhaa. Ndipo ukaanzishwa mpango wa kugawa madume ya Dorper kwa ruzuku. Madume yalikuja. Mkaguzi hakuja, mafunzo hayakuja, wala hakuna aliyemweleza mfugaji jinsi ya kuendesha uchotara bila kumaliza kondoo wake wa asili. Kizazi cha kwanza kilikuwa kizuri kweli, kikubwa, chenye bei mnadani, basi watu wakarudia dume lilelile juu ya mabinti, kisha juu ya wajukuu. Husemwa mara kwa mara kwamba Wamaasai hawakujua thamani ya walichonacho. Hoja hiyo sina muda nayo. Waliletewa nusu ya chama, ile nusu inayouza.

Thamani yenyewe ilipimwa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990, na watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ambayo tangu mwaka 1994 inaitwa ILRI. Waliwaweka pamoja wekundu na Dorper kwenye malisho yenye unyevu na minyoo mingi ya tumbo, ile inayonyonya damu hadi ufizi wa mwanakondoo unakuwa mweupe. Dorper walikufa kwa wingi, wekundu walistahimili. Kwenye ukavu mambo hayakuwa wazi hivyo, na wafugaji wa Isinya, walio karibu na soko, wana sababu zao za kumpenda Dorper, kama walivyo na zao wale wa Amboseli wasiotaka kumwacha mwekundu.

Mwaka 1992, na tena baadaye, taasisi hiyo ilitafuta kondoo wekundu koosafu kote Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania. Hapakuwa na daftari la kufungua, wala orodha ya wanachama, wala namba sikioni. Wakapatikana wachache mno, likaundwa kundi dogo la kuhifadhi mbegu, na hata humo damu ya Dorper ikaonekana imekwisha kupenya.

Nusu ya damu hiyo, kwa asili yake, ni ya Berbera. Iliondoka Pembe ya Afrika kwa meli ikiwa kitoweo, ikazunguka Cape, ikarudi Kajiado na cheti cha ukoo. Mnadani Garissa, jamaa zake wa upande wa mama, vichwa vyeusi tititi kama kwenye stempu, bado huuzwa kwa jina moja tu: kondoo.