Matrekta Yenye Kiu

Kijiji cha Mwamgongo kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Gombe, na kwa vizazi vingi msafiri wa huko amepanda boti, si gari. Katika ziwa la namna hiyo mwenye meli ndiye mtawala, na mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lilikuwa mikononi mwa Wajerumani waliokuwa Kigoma. Waingereza wakapanga kuwanyang'anya kwa boti mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja ya futi 40 hivi. Kikwazo kilikuwa nchi kavu.

Meli ilizifikisha Cape Town, reli ikazivuta hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo kuelekea kituo cha reli cha Sankisia, kupitia milima ya Mitumba, mzigo uliangukia matrekta mawili ya mvuke, maksai na mamia ya vibarua waliokata miti na kujenga madaraja. Sifa alipewa kiongozi wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson. Lakini mwendo wa kila siku uliamuliwa na boila.

Dereva wa mtambo wa namna ile hakuwa na taa ya kumwonya. Alitazama kioo cha maji, akasikiliza pumzi ya silinda, akanusa moshi. Maji yakipungua, paa la tanuru hubaki wazi, na kizibo chake cha risasi huyeyuka ili mvuke uzime moto kabla boila haijapasuka. Ubaya ni kwamba wingi wa maji peke yake hautoshi: trekta likishuka mlima, maji hukimbilia mbele na kuliacha paa la tanuru likikauka, hata kama boila haijapungukiwa. Maji ya tope nayo huacha ukoko ndani, joto likashindwa kupita. Na kuni hazina nguvu ya makaa ya mawe, hivyo mlima uleule hula mzigo mkubwa zaidi wa miti.

Basi hitilafu iliyojirudia haikuhitaji fundi kuigundua: kiu. Ilikuwa kiangazi, vijito vimekauka, na wanawake wa vijiji vya jirani waliajiriwa kubeba maji vichwani ili matrekta yaendelee. Vitabu vingi vya vita hivyo huwapa mistari michache tu, ingawa bila wao boti zingeozea porini. Mwishoni mwa Oktoba zililiona ziwa, na tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani.

Upande wa Kigoma, mafundi wa Kijerumani nao walijua kinachoua mtambo. Julai 1916, kabla ya kuizamisha meli yao Graf von Götzen, waliipaka mitambo grisi nzito kuikinga na kutu. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikisukumwa na mvuke uleule hadi ilipowekewa injini za dizeli miaka ya 1970.